Mhariri, skrini ya bluu isomwe kwanza, sio kukimbilia kupiga Windows

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niongelee jambo linaloniuma, na najua linawaumiza vijana wengi wanaosoma gazeti lako, hasa hawa wenye kompyuta za gemu. Kijana amejibana miezi na miezi, kanunua mashine kipande kwa kipande, leo prosesa, mwezi ujao ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine), kadi ya grafiki kaipata mtumba, kaifunga mwenyewe kwa kuangalia video za YouTube, inawaka vizuri kabisa, halafu anafungua gemu, hata raundi haijaisha skrini inageuka bluu, kinatokea kile kiuso chenye huzuni na maandishi ya Kiingereza, mashine inajizima na kuwaka upya. Akiipeleka kwa fundi, kwenye maduka mengi jibu ni lile lile kabla hata kava halijafunguliwa: Windows imekufa, acha elfu ishirini hapo, jioni pitia uchukue.

Mimi ni fundi, hii kazi ndo inayonilisha, na naandika haya nikijua wapo wenzangu watakaokasirika. Lakini kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, kila ukiona bluu ni sawa na kumpa dawa ya malaria kila mwenye homa bila kumpima. Saa nyingine utabahatisha. Ila kwenye mashine za gemu chanzo mara nyingi ni ramu, kadi, umeme au prosesa, na hivyo vyote vinabaki pale pale hata upige Windows asubuhi mchana na jioni. Na ukishafomati umefuta ushahidi uliokuwa unaonyesha tatizo liko wapi.

Ushahidi wenyewe ndo huu. Ndani kabisa ya Windows kuna kiini kinaitwa kaneli, na draiva nyingi, yaani programu ndogo zinazoiunganisha Windows na vifaa, zinafanyia kazi huko, na huko ndani hamna ukuta wa kuzitenganisha kama ilivyo kwa programu za kawaida. Draiva moja ikiandika kwenye kumbukumbu mahali pasipo pake, au ramu ikarudisha namba tofauti na ile iliyopewa ihifadhi, Windows haiwezi tena kuamini kitu, na ikiendelea itaandika uchafu kwenye diski, ndo maana inasimamisha kila kitu kwa makusudi, inatoa kodi, yaani jina la kosa lililotokea, na inahifadhi faili dogo linaloonyesha nini kilikuwa kinaendelea wakati ule. Yaani bluu sio ugonjwa, bluu ni Windows inajitetea. Hilo faili linakaa kwenye C:\Windows\Minidump na jina lake linabeba tarehe. Unalifungua na WinDbg ambayo Microsoft wanaitoa bure, au kwa haraka haraka unatumia BlueScreenView. Fundi asiyefungua hiyo folda anabuni tu, na anabuni kwa hela ya mteja.

Kama kuna mtu anaona nakuza mambo akumbuke tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma apdeti yenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows zikaingia bluu, safari za ndege zikafutwa, mabenki na hospitali zikakwama. Dawa ilikuwa nini? Watu walisoma jina la draiva lililotajwa, csagent.sys, wakaingia Safe Mode, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu, wakafuta faili linaloanza na C-00000291, mashine ikawaka na data zote zipo. Waliohangaika zaidi ni wale ambao diski zao zilifungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, na funguo hawajui wameiweka wapi. Sasa fikiria kama mashine zote hizo zingefomatiwa kwa sababu ya faili moja.

Kuna kosa jingine ambalo nataka nilitaje kwa sababu linafanywa hata na wale wanaojitahidi kusoma. Mtu anafungua BlueScreenView, anaona imetajwa ntoskrnl.exe, basi anasema si unaona, ni Windows yenyewe, tupige upya. Hapana. Hiyo ntoskrnl ndo kaneli, inatajwa kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazini mambo yalipoharibika, haimaanishi ndiyo iliyoharibu. Kinachotakiwa ni kuweka mafaili kadhaa pamoja na kuyalinganisha. Kodi ikijirudia ile ile na draiva ile ile kila mara, mshuku wako wa kwanza ni draiva hiyo au kifaa chake. Kodi zikibadilika badilika, leo hii kesho ile, na kila mara anatajwa mwingine, anza na ramu.

Nitoe mfano. Kuna kijana wa huku Tabata anacheza gemu na pia anahariri video za harusi, yaani mashine ndo ofisi yake. Alikuja kwangu akiwa ameshapigiwa Windows zaidi ya mara moja kwenye duka moja mjini, na katika kupigiwa huko video za harusi ya mteja wake zikafutika kwa sababu fundi hakuuliza kama kwenye diski D kuna kitu. Fundi mwingine akamwambia mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba vifaa vyote, imekwisha, atafute nyingine. Mashine yenyewe ni Ryzen 5 3600, ramu 16GB za vipande viwili vya kampuni tofauti, kadi RX 580. Tangu apigiwe Windows ya mwisho ilikuwa imeshaanguka tena na tena, kwa hiyo folda ilikuwa na kitu cha kusoma. Nikazipanga kodi zake: MEMORY_MANAGEMENT, halafu IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, halafu PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, halafu SYSTEM_SERVICE_EXCEPTION. Moja inataja draiva ya sauti, nyingine ya mtandao, nyingine ntfs.sys ya kusoma diski. Haiwezekani draiva zote hizo ziwe zimeoza kwa mpigo kwenye Windows mpya.

Nikaingia bayosi, ile mipangilio ya msingi inayofanya kazi kabla Windows haijawaka, nikakuta XMP, yaani spidi ya ziada ya ramu, imewashwa, inalazimisha ramu zote mbili zikimbie 3200, wakati kipande kimoja stika yake imeandikwa 2666. Nikazima XMP. Nikaweka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, nikatoa kipande kimoja, nikapima kingine peke yake. Kile cha 3200 kikamaliza safi. Kile cha 2666 hakikuchukua muda, mistari myekundu ikaanza kushuka, na ukiangalia kwa karibu unaona kabisa namba iliyoandikwa na namba iliyorudi, ndefu zote mbili, zimefanana kila kitu isipokuwa herufi moja. Herufi moja tu, na hiyo ndo iliyokuwa inaangusha mashine nzima. Nikakihamishia sloti nyingine, wekundu ukakifuata huko huko, na kile kizima nikakiweka kwenye sloti ile ya mwanzo kikapita, maana yake mazabodi haina shida yoyote. Alinunua ramu mbili za pakiti moja, na video zake anahariri mpaka leo kwenye mazabodi ile ile aliyoambiwa imekwisha.

Kwa nini duka lile lilikuwa linamrudishia mashine ikiwa inaonekana imepona? Kwa sababu wanajaribu kwa kuwasha tu, wanafungua Chrome, wanacheza wimbo, wanasema iko fresh. Kwa kazi hizo ndogo Windows inatumia sehemu ya ramu tu na inawezekana isifike pale palipooza. Gemu kubwa linajaza ramu, linapandisha moto, linavuta umeme, prosesa na kadi zinafanya kazi pamoja kwa nguvu, na hapo ndo kasoro inatoka. Mashine ya gemu ijaribiwe kwa mzigo wa gemu, hilo lingekuwa sharti la kila duka.

Nirudi kidogo kwenye XMP maana vijana wengi hawajui. Ramu nyingi za DDR4 zilizoandikwa 3200, usipowasha XMP zinakimbia 2133, 2400 au 2666, ile 3200 ni spidi ya kuongezewa na kwenye mazabodi za AMD za DDR5 utaikuta inaitwa EXPO. Sisemi msiwashe, tumelipia hizo spidi. Nasema mashine ikianza bluu hilo ndo jambo la kwanza la kuzima, ni bure, na linarudishwa kwa kubonyeza sehemu moja.

Kadi za mtumba sasa. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zinachimba usiku na mchana zikamwagika sokoni dunia nzima, RX 580 zikiwa nyingi mno humo. Zipo nzuri, sikatai. Lakini nyingi zilibadilishwa bayosi yake ili zifae kuchimba, na hiyo bayosi kwenye gemu inaleta balaa. Dalili yake mara nyingi ni kodi VIDEO_TDR_FAILURE, na maana yake ni rahisi: Windows inaisubiri kadi ijibu kwa sekunde 2, isipojibu inajaribu kuiwasha upya bila kuzima mashine, ikishindwa ndo bluu. Faili litataja amdkmdag.sys kama ni AMD au nvlddmkm.sys kama ni Nvidia. Hapo unaanza kwa kuifuta draiva yote kwa DDU, programu ya kufuta draiva, ukiwa Safe Mode, halafu unaweka draiva safi kutoka kwenye tovuti ya mwenye kadi, sio kutoka kwenye hizi programu zinazojitangaza eti zitakuapdetia draiva zote kwa kubonyeza mara moja, hizo zimeniletea wateja wengi kuliko virusi. Ikiendelea na draiva safi, jaribu kadi kwenye mashine nyingine. Na kama unanunua mtumba, muuzaji akubali uichezee gemu pale pale dukani, sio kukuonyesha feni inazunguka.

Umeme nao una mambo yake. Tofautisha bluu na kuzimika. Mashine ikizimika ghafla kama imechomolewa, bila bluu, bila kodi, ukiingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta Kernel-Power 41, na ukifungua undani wake BugcheckCode ni 0, maana yake hamna bluu iliyoandikwa, umeme umekatika au mashine imeganda ikazimwa kwa nguvu. Hapo angalia pawa saplai. Kuna zile nyepesi, unaishika mkononi unahisi kabisa ndani hamna kitu, stika imeandikwa 600W, halafu mtu anaipachika kadi ya RX 580 ambayo peke yake imepangiwa 185W. Na hawa wenye desktopu za maofisini zinazokuja mtumba kutoka Ulaya wawe makini, sloti ya kadi inatoa mpaka 75W, kwa hiyo GTX 1650 isiyo na waya wa umeme inaweza kukaa vizuri, lakini kadi inayotaka waya wa pini 8 hapana, pawa saplai ya mashine zile haikutengenezwa kwa mzigo huo. Stabilaiza inasaidia umeme wa ukutani ukiwa unapanda na kushuka, ila haiwezi kuongeza nguvu kwa pawa saplai isiyo nayo.

Joto nitaligusa tu. Safisha vumbi, badilisha pesti ya prosesa iliyokauka. Prosesa ikizidi joto kwanza inapunguza spidi, halafu inajizima, kwa hiyo gemu likianza kukwamakwama baada ya muda angalia huko.

Ila kuna prosesa ambazo shida yao sio vumbi. Wenye Intel za desktopu kizazi cha 13 na cha 14, hasa i7 na i9, wasikilize hapa. Intel wenyewe walikiri mwaka 2024 kwamba prosesa hizo zilikuwa zinapewa voltiji kubwa kupita kiasi na zinaharibika taratibu, gemu zinajifunga, saa nyingine zinaleta ujumbe kwamba memori ya kadi imejaa wakati kadi haina tatizo, na bluu juu yake. Wakatoa marekebisho kupitia apdeti za bayosi, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba mwaka huo huo. Apdeti inazuia uharibifu, haiponyi iliyokwisha kuharibika. Wakaongeza warranti kwa miaka 2, ikawa 5 kwa zile zinazohusika. Sasa mtu mwenye prosesa ya bei ile, ndani ya warranti, anapigiwa Windows na kuambiwa aende nyumbani, na muda wa warranti unazidi kuyoyoma, kwakweli hapo ndo roho inaniuma. Tunzeni risiti na boksi. Waliouziwa prosesa bila boksi warudi kwa aliyewauzia, madai yao yanaanzia huko.

Sijasema Windows haipigwi kabisa. Inapigwa. Kama kodi ni CRITICAL_PROCESS_DIED, umeshapitisha DISM na sfc /scannow, zile amri za Windows za kutengeneza mafaili yake, na mafaili hayatengenezeki, ramu umeipima, diski umeiangalia na CrystalDiskInfo ikasema nzima, basi piga, na kabla hujapiga hamisha kazi za mtu. Pia kama mashine imejaa programu za kuchakachua leseni na gemu zilizovunjwa, huwezi kujua ndani kumewekwa nini, ni bora kuanza upya. Lakini kupiga Windows kwenye diski ya SSD inayokufa ni kumrudisha mteja wiki ijayo akiwa na hasira, na ana haki.

Wenye mashine nao wana la kufanya kabla hawajatoka nyumbani. Jiulize kwanza ulibadilisha nini siku bluu ilipoanza, ramu, draiva, apdeti, gemu lenye ulinzi dhidi ya wachezaji wanaodanganya, unaoingia mpaka kaneli kama Vanguard ya Riot, na ulichobadilisha kirudishe ulivyokikuta uone. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kwenye Startup and Recovery toa tiki ya Automatically restart, ili skrini isikukimbie na upate kupiga picha kwa simu. Usizime pagefile, lile faili la kwenye diski linaloisaidia ramu, kuna watu wanaizima eti mashine iwe nyepesi, na ikizimwa mara nyingi Windows inashindwa kuandika lile faili la ushahidi. Usipitishe programu za kusafisha takataka, zinafuta folda hiyo hiyo. Nakili folda ya Minidump kwenye flashi. Na funguo ya BitLocker iandike kwenye karatasi kabla mtu hajagusa bayosi yako.

Tena skrini yenyewe sio lazima iwe bluu siku hizi. Tangu katikati ya mwaka 2025 Microsoft wameanza kuifanya nyeusi kwenye Windows 11 toleo la 24H2, kiuso kimeondolewa, na QR pia, kodi na jina la draiva vimebaki, na ule muda wa kusubiri kwa watu wengi umekuwa kama sekunde 2 tu. Nimeshapokea mashine ya mtu aliyeambiwa kioo ndo kimekufa anunue monita, kumbe ni hiyo hiyo skrini, imebadilika rangi.

Ombi langu kwako Mhariri, ule ukurasa wa teknolojia ambao kila wiki unatuletea simu mpya, utenge hata kona ndogo ya kodi hizi, moja moja, kwa Kiswahili, iseme inaashiria nini na mtu aanzie wapi. Kijana wa Mwanza au Mtwara ambaye hana fundi wa karibu ataikata na kuibandika ukutani. Na kwa wenzangu wenye maduka: mashine ya bluu ikipokelewa, kodi iandikwe kwenye risiti pale pale mbele ya mteja, data zake ziulizwe kabla ya kugusa diski, na kifaa chochote mlichokitoa, hata kama kimekufa, arudishiwe mwenyewe.

Fundi kompyuta na msomaji wako wa siku nyingi,
Tabata, Dar es Salaam